Kizito cha Mama Orpa

Mama Orpa wa mtaa wa Furu, mjini Butembo, hakuwa mtu wa kuamini haraka. Akinunua samaki, alimfunua mashavu kwanza, kisha alimnusa, kisha alimwangalia muuzaji usoni muda mrefu kuliko alivyomwangalia samaki. Mchungaji akimwombea, alifumbua jicho moja kuona kama na yeye amefumba. Majirani walimcheka. Aliwaacha wacheke, ila alikumbuka nani alicheka lini.

Kazi yake ilikuwa fromaji, yaani jibini ile ya mviringo ambayo watu wa Butembo hula na ndizi mbivu au hupeleka Beni kama zawadi. Maziwa yalimfikia asubuhi kutoka Masereka, kule juu kwenye baridi alikozaliwa, yakiwa kwenye mabidoni, madumu ya njano yaliyofungwa nyuma ya pikipiki. Alionja, akatema, akaonja tena. Akiona ladha ya maji, dereva alirudi na bidoni lake Masereka, na hakuna maelezo yaliyomsaidia. Maziwa mazuri aliyapasha moto, akayatia dawa ya kugandisha, akayachuja kwenye kitambaa, halafu akayafunga ndani ya vibao na kuyawekea kizito juu mpaka maji yote yatoke.

Kizito hicho kilimletea sifa sokoni, maana hakuna fromaji iliyokandamizwa vizuri kama yake. Kilikuwa kidude cha rangi ya kijivu, kidogo kama sufuria ya kupikia watu wawili, lakini kizito kama bidoni lililojaa maji. Kifuniko chake kilikuwa kimezibwa kabisa kwa chuma kilichoyeyushwa. Marehemu mumewe, Lusenge, alikitoa kwenye kambi ya mgodi iliyoachwa na Wazungu msituni, enzi zile alipokuwa akipanda malori ya kukusanya vyuma vya zamani. Alama fulani ilikuwa imechorwa ubavuni, ikafutika kwa kusuguliwa na majivu kila wiki, kwa sababu Orpa hakuweka kitu kichafu juu ya chakula cha watu.

Na kama fromaji ilikuwa kubwa, kizito peke yake hakikutosha. Hapo Orpa alimwita mjukuu wake, Bénite, akae juu yake. Mtoto alikaa, miguu ikining'inia, akikariri hesabu za shule mpaka maji yaache kudondoka. Orpa aliyependa kusema hampendi mtu yeyote alimkatia Bénite kipande cha kwanza kila mara, hata kabla ya wateja.

Bénite ndiye aliyebaki. Mama yake, Victoire, binti pekee wa Orpa, alikuwa akichuuza vitenge kwenye barabara ya Mbau. Kuna wiki moja watu waliacha kupita barabara ile, maana waliokuwa wakiua walikuwa hawajaenda mbali. Ndipo afisa mmoja akasema redioni kwamba utulivu umerudi, barabara imefunguliwa, wananchi wasiogope. Victoire aliamini redio. Alifunga vitenge vyake, akamwachia mama yake mtoto wa kunyonya, akapanda pikipiki. Orpa hakupata mwili wake, wala hata kikwembe alichojifunga, cha kuzika.

Tangu siku ile aliiacha redio izungumze, lakini alikuwa akiisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mwizi anayeeleza alikuwa wapi jana.

Basi siku redio ilipotangaza jambo jingine, alikuwa jikoni anachuja maziwa. Mtangazaji alisema kikosi kipya cha serikali, kilichoandaliwa kwa ajili ya hatari za mionzi na magonjwa, kinatafuta vyombo vidogo, vizito, vya kijivu, vilivyoachwa kwenye migodi ya zamani. Atakayeona chombo kama hicho asikiguse, asikifungue, asikiuze. Apige simu. Kisha akaongeza kwa sauti tamu kwamba vyombo hivyo havina thamani yoyote.

Nani alimshauri kuongeza maneno hayo, sijui, lakini alistahili kuchapwa. Watu wa Butembo ni wafanyabiashara. Mtu akija kutafuta kitu nyumba kwa nyumba huku akiapa kwamba hakina bei, mfanyabiashara anaelewa nini? Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umeelewa. Wale Wazungu wa zamani walificha dhahabu kabla ya kukimbia, na sasa serikali imepata ramani.

Kikosi chenyewe hakikusaidia. Kilianza na semina katika hoteli kubwa, ambako watu walikula kuku, wakapigwa picha chini ya bango, wakagawiwa fulana na kofia. Zorobabel, mdogo wake marehemu Lusenge na shemasi katika kanisa la Orpa, alihudhuria. Alirudi na kofia. Alipoulizwa walifundishwa nini, alisema walifundishwa utayari. Utayari wa nini, hakuweza kueleza vizuri, ila kofia ilimkaa.

Siku mbili baadaye alikuja nayo kichwani, akakaa jikoni kwa Orpa, akakiangalia kile kizito kama mtu anayemwangalia ng'ombe wa mahari.

"Shemeji, ile kintu ilikuwa ya yaya yangu Lusenge," alisema. "Donc basi ni ya famille. Tuifungue, tuone, tugabane."

"Ya yaya yako ilikuwa miaka yote ile nilikuwa naiosha mimi peke yangu," Orpa alijibu. "Leo ndio inakuwa ya famille?"

"Serikali haiwezi tafuta kintu ya bure."

"Hiyo hata mimi najua. Njo maana hautaigusa."

Hapo utaona jinsi shaka inavyomzungusha mtu. Orpa hakuamini redio iliposema kitu kile ni cha hatari, kwa hiyo aliamini kuna mali ndani. Hakumwamini Zorobabel, kwa hiyo alikataa kukifungua. Na hakujiamini hata yeye mwenyewe, maana usiku ule alijikuta akihesabu vyumba vya nyumba ya matofali ambayo angemjengea Bénite, akajikaripia.

Wiki haikuisha. Siku ya soko alirudi mapema kuliko kawaida, kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja, akamkuta Zorobabel anatoka kwenye lango lake huku akijipangusa suruali. Alisema alipita kusalimia. Orpa aliingia jikoni moja kwa moja. Chini ya kizito kulikuwa na unga wa chuma unaong'aa, na ubavuni, karibu na kifuniko, palikuwa na mkato wa msumeno wenye upana wa kucha, umeingia ndani kuliko alivyopenda kuona.

Hakumfuata shemeji yake kugombana. Kugombana kungewaleta majirani, na majirani wangeuliza wanagombania nini. Alifanya alilofanya siku zote: alificha. Alikitoa kizito jikoni, akaanza kukandamiza fromaji kwa mawe, na wateja wakalalamika kwamba imekuwa laini. Kizito alikilaza kitandani mwake, upande wa ukuta, akakifunika kwa kikwembe. Yeye alilala kando yake. Bénite, aliyelala naye kitanda kimoja, alimhamishia ukingoni upande wa mlango, akamkataza kuvuka. Mtoto aliuliza kuna nini ukutani. Orpa alisema kuna panya. Ukweli ni kwamba alimshuku mtoto pia. Watoto husema shuleni kila wanachokiona, na mwalimu ana masikio, na mwalimu ana mke.

Kila usiku kabla ya kulala alipapasa mkato ule kwa kidole gumba na kiganja cha kushoto, kupima kama kuna mtu ameongeza msumeno mchana. Aliuelekeza upande wake makusudi, ili aupate hata gizani.

Siku zikapita. Kiganja kikaanza kuwa chekundu, kisha kikatoka malengelenge. Orpa alijilaumu kwa maji ya moto ya fromaji, akapaka mafuta ya mawese. Hamu ya kula ikapungua. Alisema moyoni kuwa ni uzee, halafu ni shemeji. Hata kuwekewa sumu alikufikiria, akaacha kunywa chai ya kanisani.

Ndipo gari lilikuja. Lilikuwa jeupe, likifuatiwa na jingine la askari, na watu walioshuka walikuwa wamevaa vizibao vile vile vya miaka ya Ebola, au vinavyofanana navyo kiasi kwamba mtaa mzima ulisimama. Wanawake waliita watoto ndani. Mtu mmoja aliokota jiwe, akalishika tu. Zorobabel alikuwa pamoja nao, bila kofia, mkono wa kulia ukiwa ndani ya mfuko wa koti, na Orpa alipomwona alielewa nani aliyepiga simu.

"Umeniuzisha," alimwambia.

Zorobabel aliusukuma mkono mfukoni zaidi. Aliangalia chini.

Aliyesogea mbele alikuwa kijana mwembamba mwenye kidude mkononi kilichokuwa kikitoa mlio mdogo mdogo, kama panzi. Aliwaambia askari wabaki nje ya lango. Hilo Orpa aliliona, ila hakulihesabu bado.

"Mama, miye naitwa Ésaïe," alisema. "Niko mutoto wa hapa karibu, Kalunguta. Tunatafuta ile kintu banasema ku radio."

"Hapa hapana kintu ya vile."

"Mama, machine inasema iko."

"Machine yako inasema. Hata bale batapeli ba kutafuta zahabu banakuja na machine inasema."

Kijana alipiga hatua moja kuelekea nyumba na mlio ukaharakisha. Akapiga ya pili, na panzi wakawa wengi mpaka mtu hakuweza kuwatenganisha. Akasimama. Orpa alikuwa akimtazama miguu, maana uso wa mtu unaweza kufundishwa semina, lakini miguu haihudhurii. Alingoja kumwona akikimbilia mlango. Badala yake kijana alirudi nyuma, hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa ua.

"Ndani iko nani?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Iko mujukuu yangu. Anasoma ku kitanda."

"Mutoto atoke. Mbele ya yote, mutoto atoke. Ile kintu tutaisema kisha."

"Na weye, mbona unarudia nyuma? Si mulisema ku radio haina bei? Ingia basi, uibebe."

"Naogopa, mama."

Orpa alidhani hakusikia vizuri. Aliwahi kuambiwa mengi na watu wenye vizibao, wenye sare na wenye vipaza sauti. Walimwambia asiogope chanjo na asiogope askari, na wakamwambia Victoire asiogope barabara. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwambia kwamba yeye mwenyewe anaogopa, tena mbele ya askari na mtaa mzima, bila kuona haya.

"Unaogopa nini?" aliuliza polepole.

"Ile kintu, kama mutu aliikata, inatoa moto yenye macho haione. Inachoma mutu na hata hasikie. Siku zinapita, njo anaanza kuona mukono inaoza." Alinyoosha kidole mlangoni. "Mama, mutoto atoke."

Orpa aliita. Bénite alitoka na daftari lake mkononi, akisugua macho, akasimamishwa mbali karibu na lango. Lakini Orpa mwenyewe alisimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili. Mtoto ni jambo moja. Kitu ni jambo jingine. Kijana anaweza kuwa mwigizaji mzuri, wapo, na Kinshasa wanalipwa kwa kazi hiyo.

Ndipo Zorobabel alitoa mkono mfukoni. Vidole viwili vilikuwa vimevimba, ngozi yake imekuwa nyeusi na kupasuka, na palipopasuka palitoka maji.

"Nilikata siku moja tu, shemeji," alisema. "Kidogo tu. Nilifikiri ni msumeno njo uliniumiza. Njo maana nilibaita. Nilijua uko unalala nayo, kwa sababu jikoni haikukuwa tena."

Orpa aliutazama mkono ule. Halafu aliinua kiganja chake cha kushoto, kile alichokipaka mawese, akakiweka mbele ya macho yake mwenyewe. Malengelenge yalikuwa yale yale. Akakaa kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe majirani walimwona akilia hadharani. Hakulilia mkono. Aliomboleza kitanda kile kimoja walicholala watatu, yeye na mtoto na kile kitu, usiku baada ya usiku, na yeye ndiye aliyekileta.

Hata hivyo alikuwa Orpa. Alipoweza kusema, alitoa masharti. Kizito kitolewe mbele ya mtaa mzima, mlango ukiwa wazi. Wamwonyeshe sanduku kinamowekwa, na baba Jéthro, kiongozi wa nyumba kumi, aangalie linafungwa. Na yeye hatamwachia mtu mkono wa Bénite, hata mpaka hospitali ya Beni, hata mpaka mbinguni. Mkubwa wa kikosi, aliyekuwa amekaa garini muda wote huo kwenye hewa baridi, alitaka kubisha. Ésaïe alimwambia maneno machache ya Kifaransa, na mkubwa akapandisha kioo. Walifanya kama alivyosema. Waliingia kwa zamu, kila mtu muda mfupi, wakiwa na koleo ndefu, na hakuna aliyetoka anatabasamu.

Hospitalini Beni walitolewa damu wote watatu, Orpa, Bénite na Zorobabel. Daktari aliyewapokea aliitwa Godelive, mwanamke mnene mwenye miwani na uchovu wa miaka mingi. Siku majibu yalipokuja alimwita Orpa peke yake, lakini Orpa alikataa kuingia bila mtoto, kwa hiyo Bénite alikaa kwenye kiti cha pembeni, akichora.

Daktari hakuzunguka. Zorobabel angepoteza vidole viwili. Damu ya Orpa ilikuwa imeshuka vibaya, chembe za kumlinda na magonjwa zimebaki chache, na dawa za kumsaidia hazipo Beni. Ilibidi apelekwe Kinshasa, na hata huko hakumwahidi kitu.

"Sawa," Orpa alisema. Aliamini papo hapo, bila kuuliza swali hata moja. "Na mutoto?"

"Damu ya mutoto iko muzuri."

Orpa alimwangalia kama alivyomwangalia muuza samaki.

"Iko muzuri namna gani? Tulilala ku kitanda moja."

"Mulilala aje?"

Alieleza. Kitu ukutani, yeye katikati, mtoto upande wa mlango. Mkato aliuelekeza upande wake. Daktari alimuuliza kwa nini alipanga hivyo, na Orpa, kwa aibu, alisema alihofia mtoto angeenda kusema shuleni. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa koti lake muda mrefu, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mama," alisema, "ile moto ilitokea pale pa kukatwa, na mwili yako ilikuwa mbele yake. Karibu yote iliishia kwako. Njo maana mutoto hana kintu."

Mtu mwingine angemshukuru Mungu, na pengine angepiga magoti. Orpa alimtazama mtoto akichora. Ndani ya kifua chake furaha ilikuwa imesimama mlangoni ikiomba kuingia, na yeye alikuwa ameshika miimo yote miwili. Wakati ule mwingine alipopewa habari njema, habari ya barabara, ilimgharimu binti.

"Yangu nimesikia," alisema hatimaye. "Ya mutoto, mupime tena."

"Mama, tulipima vizuri."

"Mupime tena. Muganga mwingine, machine ingine. Na mbele yangu. Kinshasa sitaenda kama sijaona."

Godelive angeweza kukataa. Nje watu walikuwa wamejaa mpaka ukumbini, na dawa za kupimia hazikuwa nyingi. Alimtazama Orpa, kiganja kilichofungwa bendeji, midomo iliyokauka, macho makavu yasiyomruhusu mtu yeyote kumdanganya tena. Kisha akafungua mlango, akamwita muuguzi.

Bénite aliweka kalamu chini, akanyoosha mkono bila kuambiwa. Orpa alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa ya mtoto, akaiangalia sindano ikiingia na damu ikipanda kwenye kichupa. Muuguzi alibandika karatasi, akaandika jina haraka haraka, akageuka kuondoka.

Orpa alimshika shati, akamwambia asome jina hilo kwa sauti kwanza.